Nyamizi na Yai Lenye Miguu

Paukwa!

— Pakawa!

Sasa niitikieni vizuri, si kama watu wenye usingizi. Kuku wa Nyamizi alikuwa na nini?

— Alikuwa na njaa!

Na chakula chake kilikuwa wapi?

— Chini ya makucha yake!

Haya. Jibu nimewapa kabla ya hadithi, maana sipendi kuzungushana. Kazi yenu sasa ni kusikiliza jinsi mwanamke mwenye akili zake timamu alivyolala na kuamka na jibu hilo uani kwake, asilione.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiongea na watu bila kuoneana haya, palikuwa na mjane jina lake Nyamizi. Ng'ombe hakuwa naye. Mbuzi hakuwa naye. Shamba lake lilikuwa mawe matupu, ukilima jembe linalia. Alichokuwa nacho ni kuku. Kuku ndio waliomlisha, kuku ndio waliomvisha, na kuku ndio waliofanya watu wamsalimie njiani. Bila kuku, Nyamizi angekuwa mwanamke wa kuomba chumvi kwa majirani.

Alikuwa na sifa nyingine, nayo ni usafi. Kila asubuhi alifagia uwanja. Akafagia chini ya ghala. Akafagia nyuma ya banda. Akimaliza, anamwaga majivu pembeni ili mdudu asivuke. Uwanja unang'aa kama kiganja cha mkono. Wanawake wakipita wanasema, "Kwa Nyamizi ukiangusha tonge unaokota unakula." Basi Nyamizi anavimba kichwa, anashika ufagio tena.

Na kwa nini aliwachukia wadudu kiasi hicho? Kwa sababu ya Kenge.

Kenge alikaa kule chini, kando ya ziwa. Alikuja kijijini mara kwa mara na kapu la dagaa mgongoni, mkia ukiburuzika vumbini nyuma yake. Akifika kwa Nyamizi anaita kwa sauti laini kama samli:

"Hodi hodi, dada yangu! Chakula cha kuku wako kimefika. Mayai yangu yako tayari?"

Kapu la dagaa kwa kapu la mayai. Ndiyo yalikuwa mapatano yao.

Siku ya kwanza kabisa Nyamizi aliuliza, "Kaka Kenge, lakini nasikia Kanga kule porini hali dagaa. Anakula wadudu. Na kuku ni ndugu yake. Hawa wangu nao hawawezi?"

Kenge akashika mdomo kwa mikono miwili. "Dada yangu, usirudie hayo maneno mbele za watu! Kuku akila mdudu anataga yai lenye miguu."

"Miguu?"

"Miguu sita! Likitoka tu, linakimbia. Utalifukuza kijiji kizima, na watu watakuita mchawi. Na tena, vile vichuguu vya kando ya mti wa mgunga usivisogelee kabisa. Ugonjwa wote wa kuku unatoka humo. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

Nyamizi aliamini. Mnacheka nini? Nanyi mngeamini. Kenge alikuwa anaongea vizuri, na mtu anayeongea vizuri huwa haulizwi swali la pili. Basi Nyamizi akawafungia kuku bandani mchana kutwa, akawamwagia pumba na dagaa wa Kenge, na uwanja akaufagia mpaka ardhi yenyewe ikachoka.

Mambo yakaenda. Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Kwanza manyoya ya kuku yakanyauka, yakawa kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Kisha maganda ya mayai yakawa laini, ukiyashika yanabonyea. Kisha vifaranga wakawa wanasimama pembeni, macho wameyafumba, na asubuhi unawakuta wamelala upande. Na kila mayai yalipopungua, Kenge alisema, "Ongeza dagaa, dada. Kuku wako hawali vya kutosha." Basi mayai machache yaliyobaki yakaenda kununua dagaa zaidi, na dagaa walipozidi, mayai yakazidi kupungua. Nyamizi mwenyewe akawa hajui ladha ya yai.

Asubuhi moja alipofungua banda, kuku hawakutoka kumlaki. Walitoka watatu tu, wakasimama mbele yake kama wazee wa baraza. Mbele alikuwa kuku mkubwa mwenye kishungi kichwani, naye aliitwa Mama Kishungi.

"Mama," akasema Mama Kishungi, "shikamoo."

"Marahaba. Mbona leo mna adabu hivi? Kuna nini?"

"Tumekaa kikao. Tunakuheshimu. Unatufagilia, unatufungia dhidi ya mwewe, tukiugua unatuuguza kwa moyo. Lakini tunakufa."

"Mnakufaje na dagaa nawapa kila siku?"

Wale watatu wakatazamana. Mmoja wao, mtetea mweusi mwenye mdomo mkali, akashindwa kujizuia. "Dagaa gani, mama? Vile vijivumbi?"

"Nyamaza wewe," akasema Mama Kishungi. "Mama, tumekata shauri. Mwezi huu ukiisha na mwezi mpya ukiandama, kama bado tuko hivi, tunaondoka. Tunarudi porini kwa binamu yetu Kanga. Mwewe atatula wengine, tunajua. Lakini afadhali kuliwa na mwewe umeshiba."

Nyamizi akakaa chini pale pale. Ukiwaondoa kuku, Nyamizi anabaki na nini? Mawe na ufagio.

Siku hiyo hiyo kuku mmoja akafa. Nyamizi alimchukua amzike, kisha akasita. Akajiuliza: hivi huyu ndani amekufa na nini? Kujiuliza hakugharimu kitu, lakini kabla ya hapo hakuwahi kujiuliza. Akachukua kisu, akapasua kile kifuko cha shingoni ambamo chakula hutangulia. Kilikuwa kimejaa, kimevimba, kigumu. Akakifungua ndani ya kata ya maji.

Vipande vichache vya dagaa vikaelea juu. Vingine vyote vikazama vikatulia chini. Akaingiza vidole. Mchanga! Mchanga mweupe wa ufukweni, safi kabisa.

Kenge alipokuja, Nyamizi alimuuliza. "Kaka Kenge, dagaa wako wana mchanga."

Kenge hakupepesa jicho. "Sasa dada yangu, dagaa wanaanikwa wapi? Si mchangani? Wewe ulitaka niwaanike mawinguni? Kidogo hakikosekani."

Jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ubaya wa Kenge ulipokuwa. Uwongo mtupu unaukamata. Uwongo uliochanganywa na ukweli unaumeza, kama wale kuku walivyomeza.

Lakini Nyamizi alikuwa amekwisha kuanza kujiuliza, na mtu akianza hajui kuacha. Alijiuliza akitwanga. Alijiuliza akichota maji. Kanga mbona ananenepa? Kanga hana dagaa. Kanga hana banda. Kanga mbona hatagi mayai yenye miguu?

Akamwendea Kanga ukingoni mwa pori. Kanga alikuwa amejaa manyoya yenye madoa yanayong'aa, anapekua majani, haraka zote ni zake.

"Binamu wa kuku wangu," akaanza Nyamizi, "naomba kuuliza."

"Uliza nikiwa natembea. Nina kazi."

"Unakula nini?"

"Kinachotembea." Akadonoa. "Na kinachoruka." Akadonoa. "Na kinachojificha, hicho ndicho kitamu zaidi."

"Na mayai yako... yana miguu?"

Kanga akasimama. Akamtazama Nyamizi kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Kisha akacheka kile kicheko chake kama bawaba iliyokosa mafuta, akacheka mpaka vifaranga wake wakaja kuangalia. "Yana miguu! Njooni mumsikie mama huyu! Nani kakwambia? Si yule mla mayai wa ziwani?"

Nyamizi akaona aibu mpaka masikioni. Lakini hakukasirika. Au tuseme alikasirika, ila alikasirika akiwa anarudi nyumbani kwa mwendo wa haraka, na hiyo ndiyo hasira yenye faida.

Akafika, akamshika panzi kwenye nyasi. Akamuuliza uso kwa uso, "Panzi, wewe una sumu?"

Panzi akasema, "Ningekuwa na sumu, Kanga angenifuata tangu asubuhi? Niachie, mama, nina watoto."

Akamwachia. Alikuwa ameshapata jibu. Kisha akamshika panzi mwingine, na huyo hakumuuliza kitu, akampeleka bandani.

"Nani atajaribu?" akasema. "Sitamlazimisha mtu. Kenge amesema yai litakuwa na miguu. Kanga amesema halitakuwa nayo. Mimi sijui. Nawaambia wazi, sijui."

Kuku wakarudi nyuma. Jogoo akakumbuka ana shughuli juu ya paa. Mama Kishungi akajitokeza mbele. "Mimi nimeshazeeka. Nikitaga chenye miguu, angalau nimetaga kitu." Akadonoa panzi mara moja, akafumba macho, akameza.

Wote wakamkodolea macho.

"Vipi?" akauliza mtetea mweusi.

"Subiri."

"Vipi lakini?"

"Kuna mwingine?" akauliza Mama Kishungi.

Nyamizi akamletea mwingine, na mwingine. Kisha kungoja kukaanza. Kuku walimzunguka Mama Kishungi hata hakuweza kugeuka. Kila akijisogeza, mtu anauliza, "Linatoka? Limeanza kupiga mateke?" Jogoo aliketi mlangoni ili lisikimbie. Nyamizi aliacha kutwanga, akaja kuchutama na ungo mkononi wa kulifunikia.

Yai likatoka.

Likakaa.

Wakalitazama. Jogoo akalisukuma kidogo kwa ukucha, akaruka nyuma. Yai likabingirika, likasimama kama mayai yote yanavyosimama. Nyamizi akaligeuza huku na huku akitafuta miguu sita, hakuona hata mmoja. Ganda lilikuwa gumu, unaligonga linaita. Alipolipasua kibuyuni, kiini kilikuwa cha manjano ya nguvu, kama jua la asubuhi baada ya mvua.

"Basi," akasema Nyamizi polepole. "Basi kumbe." Akachukua ufagio, akautupia juu ya paa, na majivu yote ya pembeni akayazoa kwa mikono.

Kujua ni kitu kimoja, wasikilizaji wangu. Kuwashibisha kuku wote wa banda ni kitu kingine. Panzi mmoja mmoja utawakamata mpaka lini?

Kwanza alijaribu hivyo hivyo. Alikimbiza panzi kutwa nzima, akapata nusu ya kiganja, na magoti yakawa yanalia kama mlango. Kuku wakala wakamaliza kabla hajakaa chini.

Pili akamwendea Inzi. Inzi akasema, "Rahisi sana, mama. Nitengee chungu kibovu, tia humo maganda na makombo yaliyooza, nami nitatagia. Watoto wangu ni funza, wanene, weupe. Wachukue, mimi nina wengi hata majina yao siyajui." Nyamizi akakiweka chungu katikati ya uwanja. Funza walitoka kweli, na kuku walifurahi kweli. Lakini harufu! Jirani yake, mzee Masalu, akaja ameziba pua kwa shuka.

"Wewe Nyamizi, umeua nini humo ndani?"

"Ni chakula cha kuku, baba."

"Kuku wako wanakula, sisi tunakufa! Nilikuwa nakula uji, nimeumwaga. Hamisha hicho kitu."

Nyamizi akakihamishia mbali, upepo unakoelekea porini, akakifunika. Funza wakawa wanaendelea, lakini pole pole, haba haba. Na mwezi kule juu ulikuwa unazidi kuwa mwembamba, kama ukucha uliokatwa.

Tatu, akafikiria mchwa. Ndiyo, wale wa vichuguu vya kando ya mgunga, ambako Kenge alimkataza asikanyage. Akachukua jembe. Akafika, akapiga kichuguu pigo la kwanza. Udongo ukaruka. Mchwa askari wakatoka, vichwa vikubwa, taya kama mikasi, wakamng'ang'ania vidole vya miguu. Akapiga kelele, akapiga la pili. Wakampanda mpaka magotini. Akainua jembe kwa la tatu, na sauti ikatoka chini kabisa, nzito, ya mtu mnene aliyelala.

"Nani anabisha hodi kwa jembe?"

Alikuwa Malkia wa mchwa. Nyamizi akashusha jembe. Pale ukutani, katika tundu alilolibomoa, akaona kitu cheupe. Akainama. Mayai! Marefu, laini, yamepangwa pamoja katika joto la kichuguu. Si ya kuku. Si ya kanga. Na juu ya udongo mbichi palikuwa na alama ya mkia mzito ulioburuzwa.

Nyamizi akayatazama. Akaelewa kwa nini alikatazwa. Kenge aliyekula mayai yake kwa kapu, ya mkewe alikuwa ameyaficha hapa. Jembe lilikuwa mkononi. Pigo moja tu lilitosha, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akaweka jembe chini, akachukua udongo kwa viganja, akayafukia, akausawazisha.

"Nimekuuliza swali," ikasema sauti ya Malkia.

"Ni mimi, bibi, Nyamizi. Shikamoo."

"Marahaba, ingawa hujanisalimia vizuri. Unataka nini?"

Hapa Nyamizi angeweza kupamba. Angeweza kusema anapita tu, au anatafuta udongo wa kukandika nyumba. Alivuta pumzi, akasema, "Bibi, sitakudanganya. Nataka watoto wako niwalishe kuku wangu. Nisipowapata, kuku wananiacha, na mimi sina kingine duniani."

Hata askari waliacha kumng'ata, walishangaa.

Malkia akacheka, kichuguu kizima kikatikisika. "Muhanga anakuja, anapasua nyumba, hasemi kitu. Siafu wanakuja, hawasemi kitu. Tangu nimelala humu, wewe ndiye wa kwanza kuja kuniambia usoni kwamba unataka kula wanangu. Mama, mimi nazaa usiku na mchana. Wanaopotea ni wengi kuliko wanaorudi, na nyumba haipungui. Ninachochukia ni jembe. Ukinibomolea nyumba, mimi nakufa, na wewe kesho huna kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Basi sikiliza. Wanangu wanapenda mabua makavu na samadi ya ng'ombe. Jaza chungu, nyunyiza maji, kifudikize juu ya tundu, kikae kwenye kivuli. Mimi nawaambia kila siku, nje kuna hatari. Anayenisikia atabaki. Atakayepanda chunguni kula, ametoka kwa miguu yake, na kesho asubuhi ni wako. Ila leo ukiweka hapa, kesho weka kwenye kichuguu kingine. Tupumzike."

Nyamizi akaenda mbio. Akajaza chungu mabua na samadi ya kuomba kwa majirani, akanyunyiza maji, akakifudikiza. Asubuhi akakifunua. Chungu kilikuwa kinatembea! Kilikuwa kimejaa mchwa mpaka mdomoni, wanameremeta kama mchele uliopata uhai. Akakimwaga uwanjani, akafungua mlango wa banda wazi kabisa, akasema, "Karibuni."

Sitawaelezea vile kuku walivyokula. Wengine mna njaa, mtanisumbua. Niseme tu jogoo alisahau kuwika.

Akaweka chungu kichuguu hiki, kesho kile, keshokutwa kile kingine. Manyoya yakaanza kung'aa. Vifaranga wakafungua macho, wakawa wanagombana, na kifaranga anayegombana ni kifaranga mzima. Mayai yakarudi, magumu, mazito.

Jioni mwezi mpya ulipoandama, mwembamba juu ya miti, Kenge akatokea na kapu.

"Hodi hodi, dada yangu! Dagaa wamefi..." Akaona mayai kwenye ungo. Akaona kuku wako nje, wanapekua. "Dada, umewatoa nje? Watakula wadudu! Miguu sita, dada!"

"Lete kapu, kaka," akasema Nyamizi.

Mzee Masalu alikuja kuangalia, na majirani wengine wakaja. Nyamizi akaleta chungu kikubwa cha maji, akalimimina kapu lote ndani. Dagaa wachache wakaelea, unaweza kuwaita kwa majina. Mchanga ukashuka chuuu, ukajaza chungu mpaka katikati.

"Baba Masalu," akasema Nyamizi, "hebu tazama na wewe. Hao ni dagaa wenye mchanga, au ni mchanga wenye dagaa?"

Watu wakaguna. Kenge akavimbisha shingo. Sauti ya samli ikaisha, ikaja sauti yake ya kweli. "Usinichezee, wewe mwanamke. Mapatano ni mapatano. Usiponipa mayai kwa hiari, nitayafuata mwenyewe bandani."

"Mwizi!" akapiga kelele mtetea mweusi, "mwizi huyu!"

Nyamizi hakupandisha sauti. Akamsogelea Kenge, akamwambia mbele ya watu wote: "Mayai yako yako kwenye kichuguu cha kando ya mgunga, upande wa jua linakotokea. Niliyaona. Nilikuwa na jembe mkononi."

Kenge akalegea. Mkia ukaanguka chini. "Ume... umeyavunja?"

"Kayavunje!" wakapaza sauti kuku. "Kayavunje, mama! Ametumalizia watoto!"

"Sikuyavunja," akasema Nyamizi. "Niliyafukia kwa mikono hii. Nenda ukaangalie, kisha urudi uniambie kama nimesema uwongo. Lakini kabla hujaenda, ulisema kuku wangu wanaweza kuishi kwa chakula hiki. Basi kula wewe. Mbele yetu. Ukimaliza, tumemalizana."

Kenge akatazama huku, watu. Akatazama huku, kuku. Akaingiza kichwa chunguni, akalamba mchanga. Akalamba tena. Mchanga wa ufukweni una makali. Alipolamba mara ya tatu, ulimi ukapasuka katikati, ukawa ncha mbili. Akachomoa kichwa, akakimbia kuelekea kichuguuni, akitoa ulimi nje na kuurudisha ndani, nje na ndani, kutema mchanga usioisha. Mkikutana naye leo, mtamwona bado anatema.

Watu wakatawanyika. Wakabaki Nyamizi na kuku wake, na mwezi juu.

"Haya," akasema Nyamizi. "Mwezi umeandama. Mlisema mtaondoka. Mlango uko wazi, sitamshika mtu."

Kuku wakasogea pembeni, wakateta. Walitetana sana, mnawajua kuku. Kisha Mama Kishungi akaja.

"Mama, tumekata shauri. Asubuhi tutaondoka."

Nyamizi akainamisha kichwa.

"Subiri, sijamaliza. Asubuhi tutaondoka, tutajitafutia. Chungu chako cha mchwa ukileta, tutashukuru. Usipokileta, tuna makucha. Jioni tutarudi wenyewe, usije kutuita. Tutalala kwako, na tutataga kwako. Kwa sababu siku ile ya panzi ulituambia hujui. Kenge hajawahi kutuambia hajui hata siku moja."

Wakaingia bandani mmoja mmoja, wakapanda kwenye fito, wakabanana. Nyamizi akasimama mlangoni akiwasikiliza mpaka mtetea mweusi, wa mwisho, akanyamaza. Na ndiyo maana mpaka leo kuku hutoka asubuhi na kurudi jioni bila kuswagwa, na hata ukimmwagia mahindi meupe, anapekua kwanza kwa makucha aone chini kuna nini.

Mafunzo yake ni haya, nayasema mara moja: mtu akikukataza chakula kilicho mlangoni pako, muulize yeye anapata nini ukikiacha, kisha ujaribu mwenyewe kwa macho yako. Na ukiwa na shida na mtu, hata kama ni shida mbaya, mwambie usoni. Asiyekupa kwa ukweli, kwa uwongo atakupa mchanga.

Hadithi yangu ilikuwa uwanjani inapekua. Imepata punje yake, imepanda kwenye fito, imelala. Msiiamshe.